Jumuiya Iliyokufa Bila Cheti

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne kwa nini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, atakutiririshia sababu bila kupumua: tofauti za siasa, Idi Amin, Kenya kunufaika kuliko wenzake, marais kutokukutana, ukata wa fedha. Mimi mwenyewe nilizikariri hivyo hivyo, nikazimwaga kwenye karatasi ya mtihani, nikapata alama zangu, maisha yakaendelea. Lakini lipo swali ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kutuuliza, nalo limenikaa kichwani tangu nimalize shule. Ilivunjika siku gani hasa? Na aliyeivunja ni nani?

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba huu ni uchokozi wa kijana asiye na kazi (ingawa kazi kweli sina, nina daftari tatu za riwaya ambayo haijaisha). Ndoa ikivunjika kuna talaka, na talaka ina tarehe. Mtu akifa kuna cheti. Mwanachama akitoka kwenye chama cha ushirika huandika barua, kisha anadai hisa zake. Sasa nchi tatu zilizokuwa na reli moja, shirika moja la ndege, posta moja, bandari chini ya shirika moja na mahakama moja ya rufani, ziliachanaje? Nilidhani mahali fulani nitakuta barua. Kumbe hakuna nchi hata moja iliyowaandikia wenzake kwamba mimi kuanzia leo natoka.

Tuanze mwanzo, lakini mbio mbio, maana mwanzo unajulikana. Mwingereza alikuwa ameshaziunganisha nchi hizi kwa ushuru wa forodha na reli muda mrefu kabla ya uhuru. Mwaka 1948 akaunda Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki, na mwaka 1961 ikageuzwa kuwa shirika la huduma za pamoja. Baada ya uhuru wazee wetu wakasema hili tulifanye letu. Tarehe 6 Juni 1967, pale Kampala, Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote wakatia saini mkataba, nao ukaanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka huo. Makao makuu yakawekwa Arusha. Mashirika yakagawanywa ili kila mtu apate chake: Reli na Ndege makao yake Nairobi, Bandari Dar es Salaam, Posta na Simu Kampala, na Benki ya Maendeleo nayo Kampala. Juu ya yote ikakaa Mamlaka, yaani marais watatu wenyewe. Wakikubaliana wote watatu, jambo linakwenda. Mmoja akikataa, limekwama.

Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Watu watatu, na kila mmoja anaweza kufunga breki.

Kabla sijafika kwa Amin, ambaye hulaumiwa kwa kila kitu, hebu nikutajie kesi moja ya Nairobi ya mwaka 1970, maana kwangu ndiyo iliyoonyesha ufa mapema. Jumuiya ilikuwa na bunge lake na sheria zake, ikiwemo sheria ya siri za serikali. Watu wawili wakashtakiwa Kenya kwa sheria hiyo. Likazuka swali: je, ili mashtaka yaendelee, ni lazima mwanasheria wa Jumuiya atoe ridhaa kama sheria ya Jumuiya ilivyotaka, au anatosha Mwanasheria Mkuu wa Kenya ambaye kwa Katiba ya nchi yake haamrishwi na mtu? Mahakama Kuu ya Kenya ikasema Katiba ya Kenya ndiyo kubwa, na sheria ya Jumuiya ikigongana nayo basi sheria hiyo ni batili kwa kadiri inavyogongana.

Kwa mwanasheria hilo ni jambo la kawaida. Mimi si mwanasheria, lakini nikiisoma hukumu hiyo leo naona jambo ambalo marais hawakulisema hadharani Kampala. Jumuiya haikuwa na ardhi ya kusimamia. Ilisimama juu ya ardhi ya watu watatu kwa hisani yao, na kila mmoja alibaki na ufunguo wa nyumba yake mfukoni. Miaka 3 tu ilikuwa imepita tangu saini.

Tarehe 25 Januari 1971 Amin akampindua Obote. Nyerere akakataa kuketi meza moja naye, na tangu hapo Mamlaka haikukutana tena. Mimi namwelewa Mwalimu kwa nini hakutaka kuketi na mtu yule, na yaliyotokea Uganda baadaye yanamtetea. Lakini tuulize kisheria: mkataba wa 1967 ulikuwa kati ya nani na nani? Ulikuwa kati ya Tanzania, Kenya na Uganda. Haukuwa kati ya Nyerere, Kenyatta na Obote. Uganda ilikuwa bado ndani. Treni zake zilikuwa zinapita, wafanyakazi wake walikuwa kazini Arusha na Nairobi. Ila chombo pekee kilichoweza kuamua mambo makubwa kilikuwa kimekufa ganzi, na mkataba uliotegemea watu watatu kukubaliana haukuwa na la kufanya ikiwa watu hao hawaonani. Miaka 6 ikapita namna hiyo. Jumuiya ipo na haipo.

Wakati huo huo watu walikuwa wakitupiana maneno. Huku kwetu Kenya ilisemwa kuwa nchi ya manyang'au, mtu kula mtu. Nao wakajibu kwamba afadhali mtu ale mtu kuliko nchi ambayo mtu hana cha kula. Wazee huyasimulia hayo wakicheka. Wakati ule nadhani hayakuchekesha sana.

Sasa tuje 1977 yenyewe, tuihesabu kwa tarehe. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa limeelemewa na madeni, na kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole kuwa halipi. Tarehe 22 Januari Kenya ikaunda shirika lake, Kenya Airways, na mwanzoni mwa Februari likaanza kuruka. Ndege nyingi za shirika la pamoja zilikuwa Nairobi, basi zikabaki huko. Tanzania ikajibu kwa kufunga mpaka na Kenya, na magari ya Kenya yaliyokuwa upande wetu yakakamatwa. Siku hizo hizo, tarehe 5 Februari, TANU na ASP ziliungana zikawa CCM, kwa hiyo wiki moja ilikuwa na sherehe ya kuungana na matanga ya kuachana. Mwezi Machi tukaunda Shirika la Ndege la Tanzania.

Ziwani nako kila mtu alishika kilichokuwa karibu. Kulikuwa na meli mbili pacha za kubeba mabehewa ya treni, zilizojengwa miaka ya 1960. Moja iliitwa Umoja, nyingine Uhuru. Mwishowe Tanzania ikabaki na Umoja, Kenya ikabaki na Uhuru. Ningeyaandika hayo kwenye riwaya, mhariri angenirudishia karatasi akisema nimezidisha.

Je, huo ndio mwisho? Kisheria bado! Kuunda shirika lako la ndege si kutoka kwenye mkataba. Kufunga mpaka si kutoka kwenye mkataba, ingawa ni kuuvunja. Jumuiya bado ilikuwa na ofisi Arusha, makarani bado walikuwa wakipiga chapa barua zenye nembo yake. Mwaka wake wa fedha uliisha tarehe 30 Juni 1977. Ilitakiwa bajeti ya mwaka mpya ipitishwe na nchi zote. Haikupitishwa. Basi. Asubuhi ya tarehe 1 Julai Jumuiya ikawa haina fungu la kuendesha hata ofisi, na siku hiyo ndiyo watu wakaizoea kama siku ya kifo chake. Hakukuwa na hotuba ya kuifunga wala saini.

Ndiyo maana nasema haikuvunjwa na mtu. Iliachwa bila chakula mpaka ikanyamaza, na kila mmoja wa watatu akaweza kusema si mimi.

Mtaani kwetu, hapa Moshi, yuko mzee mmoja ambaye sisi vijana tunamwita Babu Reli. Alikuwa fundi kwenye karakana ya reli Nairobi tangu kabla ya uhuru wa Kenya. Siku moja nilimkuta barazani anasuguasugua miwani, nikamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja na vile vijiswali vyako?"

Nikamwuliza alijuaje kwamba Jumuiya imekufa. Akafikiri.

"Sikujua," akasema. "Nani angeniambia? Asubuhi tuliingia kazini kama kawaida. Bosi wetu Mganda, mimi Mtanzania, jirani yangu Mjaluo wa Kisumu. Kufika mchana watu wanasema eti mpaka umefungwa. Nikauliza, sasa mimi ni mfanyakazi wa nani? Yule jirani akaniambia, wewe endelea kukaza nati, mwenye treni atajulikana."

"Alijulikana?"

"Alijulikana, ila hakuwa wangu."

Akarudi nyumbani mwaka huo na sanduku moja la bati. Ndani yake bado anayo barua ya kuajiriwa, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imekuwa mashimo. Njia ya kawaida ya kurudi kwao ingekuwa treni ya kupitia Voi na Taveta mpaka Kahe, lakini usafiri wa moja kwa moja wa njia hiyo ulikuwa umekatika pamoja na mambo mengine. Akazunguka, hapendi kueleza alizungukaje. Kitu kilichonishangaza ni kwamba hakuwa na hasira na Mkenya wala Mganda. Hasira yake ilikuwa juu ya tarehe. Alitaka kujua kazi yake iliisha lini, kwa sababu kiinua mgongo na pensheni huhesabiwa kwa miaka na miezi, na mtu asiyejua mwisho wa utumishi wake hawezi kuhesabu.

Nilipokuwa namsikiliza ndipo nikaelewa kwamba swali langu la "siku gani" halikuwa la kitoto.

Na hakuwa peke yake aliyening'inia. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki nayo ilikufa mwaka huo. Kenya ikaunda mahakama yake ya rufani mwaka 1977 huo huo, sisi tukaunda yetu mwaka 1979. Hebu mfikirie mtu aliyekuwa na rufaa yake katikati ya hapo. Jengo la makao makuu Arusha, lile lenye mabawa matatu ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, lilibaki linatafutiwa kazi, na mwaka 1978 likawa kituo cha mikutano ya kimataifa. Baadaye ndimo walimohukumiwa wakuu wa mauaji ya Rwanda. Lakini vilevile si kila kitu kilikufa. Benki ya Maendeleo ilinusurika, ikapewa hati yake mpya mwaka 1980, na ipo mpaka leo. Kwa hiyo hata ukisema "ilikufa 1977" unabakiwa na kiungo kimoja kilicho hai.

Kazi ya kugawa mirathi akapewa Mswisi mmoja, Victor Umbricht, akiwa msuluhishi kwa msaada wa Benki ya Dunia. Alianza mwaka 1978. Alikuta nchi tatu ambazo hazisalimiani, na kila moja imekalia mali ambayo thamani yake inabishaniwa: mabehewa, vichwa vya treni, ndege, nyaya za simu, nyumba za wafanyakazi, na madeni ambayo hakuna aliyeyataka. Akiwa bado kazini Kenyatta akafariki, mwezi Agosti 1978. Kisha vita vya Kagera vikaja, Amin akaondolewa Aprili 1979. Obote akarudi madarakani. Mwishowe hesabu ikatoka: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Mpaka wetu na Kenya ukafunguliwa Novemba 1983, na tarehe 14 Mei 1984, Arusha, mkataba wa mgawanyo ukatiwa saini na Nyerere, Obote na Daniel arap Moi. Wawili kati ya waliofunga ndoa Kampala ndio waliosimama tena kugawa vyombo, miaka 17 baadaye.

Hiki ndicho cheti, unaweza kusema. Kilichelewa miaka 7. Na ndani yake mlikuwa na kifungu kilichomhusu Babu Reli: kila nchi itawalipa raia wake waliozitumikia taasisi za Jumuiya pensheni na haki zao nyingine. Maneno mazuri, yanaeleweka hata na mimi. Lakini Tanzania jambo hilo lilifika Mahakama Kuu mwaka 2003, na mwaka 2005 ndipo serikali na wastaafu wakafikia makubaliano ya kuwalipa watu zaidi ya 31,000. Hesabu mwenyewe kutoka 1977. Hata baada ya hapo waliendelea kuonekana wazee wakikaa barabarani Dar es Salaam, wakidai kwamba walicholipwa si chote. Mimi nilikuwa mtoto nikiwaona kwenye taarifa ya habari, nikadhani ni watu wa chama fulani cha upinzani.

Kenya nako, watu 749 waliokuwa watumishi wa Jumuiya ya zamani waliipeleka serikali yao mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, yaani mahakama ya Jumuiya hii mpya iliyozaliwa kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999. Walikuwa na hoja inayoingia akilini: mtoto amerithi jina la mama, basi na asikilize madeni ya mama. Mahakama ikakataa. Rufaa yao ikaisha mwaka 2012 kwa jibu lile lile, kwamba mkataba mpya haurudi nyuma kuyahukumu mambo yaliyotokea kabla haujazaliwa. Kisheria sina la kubisha. Lakini mtu aliyefanya kazi chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anaambiwa na mahakama ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwamba yule hakuwa mimi. Jamani.

Waliouandika mkataba wa 1999 walikuwa wamejifunza, hilo nitawapa. Ukiufungua kwenye Ibara ya 145 utakuta mlango wa kutokea umechongwa na komeo lake. Nchi ikitaka kutoka, kwanza bunge lake lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura. Kisha itoe taarifa ya maandishi kwa Katibu Mkuu, miezi 12 kabla. Na ikibadili mawazo ndani ya miezi hiyo inaweza kuifuta taarifa yake.

Wengine watasema hayo ni maneno ya makabatini. Waulize Waingereza! Walipiga kura kutoka Umoja wa Ulaya tarehe 23 Juni 2016. Mkataba wao wa Ulaya ulikuwa na kifungu cha kutokea, lakini kifupi, na mara wakaanza kushtakiana. Nani mwenye mamlaka ya kupeleka barua, serikali au bunge? Mahakama yao ya juu ikajibu Januari 2017, majaji 8 dhidi ya 3, kwamba lazima bunge liidhinishe. Barua ikapelekwa tarehe 29 Machi. Je, barua inaweza kufutwa? Hilo nalo likasubiri mahakama ya Luxembourg, Desemba 2018, ndipo ikasema ndiyo. Wakatoka tarehe 31 Januari 2020, wamechoka na wamegawanyika. Maswali yote mawili yaliyowapeleka mahakamani, sisi tulikwisha kuyaandikia jibu mwaka 1999. Watu walewale waliotuachia reli na forodha walikuwa hawajui kutoka.

Na usifikiri mlango wetu ni pambo. Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa zikikutana peke yao kupanga reli na visa, wakijiita walio tayari, Tanzania na Burundi zikiachwa nje. Maneno yakaenea mitaani kwamba sasa tunatoka. Tarehe 7 Novemba Rais Kikwete akaenda bungeni akasema Tanzania haitoki. Nilikuwa darasani siku zile, na mwalimu mmoja alituambia kwa sauti ya chini kwamba amekwisha kuona sinema hii mara moja. Hakuna aliyetoka. Badala yake wamekuja wengine, Sudan Kusini, Kongo, Somalia, mpaka tumekuwa nchi 8, na Ibara ya 145 haijawahi kutumika hata siku moja.

Ibara ya 149 ndiyo inayoonyesha wazi kwamba aliyeiandika alikuwa akizikumbuka zile ndege za Nairobi. Inasema nchi ikitoka, mali ya Jumuiya iliyo ndani ya ardhi yake inabaki kuwa ya Jumuiya, na anayetoka hana cha kudai humo. Hakuna tena kukalia kilicho karibu. Nimeisoma mara kadhaa, pamoja na ile ya 145, nikifuata mstari kwa kidole. Wametaja mali, wametaja rasilimali, wametaja wajibu wa nchi inayotoka katika miezi ile 12. Neno mfanyakazi nimelitafuta humo, sikuliona.